Nijikite kwenye maji ya mvua mijini, au nifuate wenzangu kwenye maji taka?

Tone la Mvua:

Wakubwa zangu katika fani, shikamooni, na walio rika langu nawasalimu.

Namalizia shahada ya kwanza ya uhandisi wa mazingira na nimefika mahali pa kuchagua uwanja wa kujikita. Wenzangu karibu wote wanaelekea kwenye usafishaji wa maji ya kunywa na maji taka, ambako mitambo ipo, waajiri wanajulikana, na hata mtaala wetu umetenga masomo mengi zaidi. Mimi nimevutwa na maji ya mvua mijini tangu mwaka wa tatu, tulipopewa mtaro mmoja wa zege wenye upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 60 ili tukokotoe uwezo wake. Tulikokotoa, tukapata alama nzuri, kisha tulipokwenda kuutazama tukakuta mchanga umejaa ndani yake hadi nusu ya kina. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo wakati wa kuandika hesabu.

Naambiwa kwamba mitaro ni kazi ya wahandisi wa ujenzi, na kwamba mhandisi wa mazingira akiingia humo ataishia kuandika ripoti za athari tu. Je, ni kweli? Ningependa pia kujua siku ya kazi huwaje hasa, na kama ni busara kuanza kwa kujifunza programu za kuiga mtiririko au kuanza kwa kuchafua viatu. Nakusudia kuifanya kazi hii kwa miaka mingi, ndiyo maana nauliza kabla sijatia saini popote.

Mzee wa Chemba:

Marahaba, kijana. Huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii, kwa hiyo nitajibu kwa urefu nawe utanivumilia.

Waliokuambia kwamba mitaro ni ya wahandisi wa ujenzi wanasema ukweli wa zamani. Kwa muda mrefu lengo lilikuwa moja tu: maji yaondoke mlangoni upesi iwezekanavyo, yapelekwe mtoni au baharini, na habari iishie hapo. Kanuni inayotumika hadi leo kwa maeneo madogo, ile ambayo Emil Kuichling aliichapisha nchini Marekani mwaka 1889, inalitosheleza lengo hilo: unazidisha mgawo wa mvua inayotiririka, ukali wa mvua na ukubwa wa eneo, nawe unapata kilele cha mtiririko. Chukua hekta 1 ya nyasi ambayo mgawo wake ni 0.2, inyeshewe na mvua ya milimita 60 kwa saa, utapata lita 33 hivi kwa sekunde. Ifunike hekta hiyo hiyo kwa lami na mapaa, mgawo upande hadi 0.9, na mvua ile ile itakutolea lita 150 kwa sekunde. Hapo bado sijataja kwamba juu ya lami maji hufika haraka zaidi, hivyo mvua fupi na kali, ambayo zamani ardhi ingeinywa bila mtu kujua, ndiyo inayogeuka kuwa adui wako mkubwa.

Mji ukishatanuka, mtaro wa kuondoa maji haraka unakuwa njia ya kumpelekea mafuriko yako jirani aliye bondeni. Maswali yakabadilika: maji kiasi gani yanywee papo hapo, kiasi gani yashikiliwe kwa saa chache kisha yaachiwe polepole, na yanabeba nini yanapofika mtoni. Sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972 ilianza kwa kuyaandama mabomba ya viwanda na ya maji taka. Marekebisho ya mwaka 1987 ndiyo yaliyoyaingiza maji ya mvua ya mijini kwenye mfumo wa vibali, na tangu hapo miji ikalazimika kutafuta watu wanaoelewa udongo, mimea, kemia na mwendo wa maji kwa pamoja. Hayo ndiyo uliyosomea. Mwenzako wa ujenzi atakushinda kwenye nondo na zege, nawe usijaribu kushindana naye huko.

Umeuliza kuhusu siku ya kazi. Asubuhi unaweza kuwa juu ya ramani ya vimo pamoja na mpima ardhi, mkibishana kuhusu sentimita 5, maana kwenye mji wa tambarare sentimita 5 ndizo zinazoamua maji yaende kushoto au kulia. Mchana unakaa na watu wa barabara, wa mabomba ya maji safi na wa nyaya za simu, kila mmoja akiitaka nafasi ile ile chini ya ardhi. Jioni unasoma malalamiko ya wakazi. Wenzangu wengi huyachukia malalamiko, mimi nayathamini kuliko vipimo vingine vyote, kwa sababu mama aliyeishi mtaani miaka 30 anajua maji yalifika ngazi ya ngapi, na ujuzi huo haumo katika kumbukumbu yoyote ya ofisi.

Nikueleze na kosa langu, kwa kuwa hukuuliza na vijana hawaulizi. Katika mwaka wangu wa nne nilisanifu bwawa la kushikilia maji kwa muda, lenye tundu la kutolea la milimita 75 ili maji yatoke kidogo kidogo. Wakubwa watatu waliikagua hesabu wakairidhia. Ila nilikuwa nimeweka wavu wa kuzuia taka wenye matundu madogo mno, tena nikaufunga palepale mdomoni mwa tundu. Mvua kubwa ya kwanza ilileta majani makavu, wavu ukazibwa kama umefunikwa blanketi, bwawa likajaa na kumwagikia upande ambao sikuwa nimeuandalia njia. Hakuna aliyeumia, lakini ukuta wa uwanja wa familia moja ulianguka, na nilikwenda mwenyewe kuwaeleza. Tangu siku hiyo, nikipokea mchoro wa mtu yeyote, swali langu la kwanza ni lile lile: tundu likiziba, maji yatapita wapi?

Mpimaji wa Usiku:

Mzee wetu ameugusa uchafu kwa maneno machache, nami naona huko ndiko riziki ya mhandisi wa mazingira iliko.

Watu hudhani maji ya mvua ni safi kwa kuwa yametoka mawinguni. Yakipita juu ya paa la mabati huchukua zinki, yakipita barabarani huokota shaba ya breki, mafuta na vumbi la matairi, na mchanga mwembamba huwa ndiyo gari linalosafirisha metali hizo. Mara nyingi sehemu kubwa ya uchafu huja na maji ya mwanzo, yanayoosha yale yaliyorundikana siku za ukavu. Ndiyo maana bustani za kuchujia na mabwawa madogo husanifiwa yanase maji hayo ya mwanzo pamoja na mvua ndogo za mara kwa mara, wala hayalengi ile mvua kubwa ambayo watu watasimulia wajukuu.

Upo mfano mmoja ninaoupenda, kwa sababu unaonyesha jinsi swali la mhandisi na la mkemia linavyokuwa moja. Katika vijito vya mijini vya eneo la Seattle, salmoni aina ya coho walikuwa wakifa kabla ya kutaga mayai, mara tu baada ya mvua, na metali zilizopimwa hazikutosha kueleza vifo hivyo. Majaribio yalionyesha kwamba maji yale yale ya barabarani yakipitishwa kwenye tabaka la mchanga na mboji, samaki hawafi. Yaani dawa ilijulikana kabla ugonjwa haujapewa jina. Mwaka 2020 ndipo watafiti walipochapisha chanzo: kiambato kiitwacho 6PPD, kinachotiwa kwenye mpira wa matairi ili usipasuke, kikikutana na ozoni huzaa kemikali nyingine inayowaua samaki hao kwa kiwango kidogo sana.

Tahadhari moja kwa kijana: ukishapenda bustani za kuchujia utataka kunywesha maji ardhini kila mahali. Usifanye hivyo jirani na kituo cha mafuta, wala pale maji ya ardhini yanapokaribia uso. Hakikisha pia kwamba maji yaliyotuama yanakauka ndani ya siku tatu, la sivyo umewajengea mbu kiwanda.

Kuhusu jina langu: sampuli nzuri ni ya dakika za mwanzo, na mawingu hayaangalii saa za ofisi. Mitambo ya kuchukua sampuli yenyewe ipo, ila betri yake huisha usiku ule unaoihitaji.

Fundi wa Modeli:

Nawaheshimu walionitangulia, lakini naomba nimtetee anayetaka kuanza na programu. SWMM, programu ya kuiga mtiririko wa maji ya mvua mijini, ambayo shirika la mazingira la Marekani liliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na bado linaiboresha, hupatikana bure pamoja na miongozo yake, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuianza leo jioni. Manufaa yake makubwa, kwa maoni yangu, hayamo kwenye majibu inayotoa. Inakudai kina cha kila chemba, mteremko wa kila bomba na kasi ya udongo kunywa maji, na kila kisanduku unachoshindwa kukijaza kinakuonyesha mahali ambapo ulikuwa unabahatisha.

Balaa yake ni kwamba hutoa jibu hata ukiilisha upuuzi. Nimewahi kupewa ripoti yenye ramani za rangi za kupendeza, na nilipofungua data nikakuta mvua imeingizwa kwa jumla za siku nzima. Mitaa ya mjini hufurika ndani ya dakika 20. Milimita 40 zilizonyesha kutwa nzima na milimita 40 zilizonyesha kwa nusu saa ni mambo mawili yasiyofanana, na jumla ya siku haiwezi kuyatofautisha. Tafuta vipimo vya kila dakika 5, kisha usiamini modeli yoyote ambayo haijalinganishwa na kina cha maji kilichopimwa kwenye mtaro halisi.

Jambo jingine ambalo utalieleza maisha yako yote, kwa hiyo lielewe mapema, ni ile inayoitwa mvua ya miaka 100. Mkuu wa idara atakuambia kwamba ilikwisha kunyesha mwaka jana, basi tumepona kwa karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 1, na nyumba itakayosimama miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kuiona walau mara moja. Tena asilimia hiyo 1 imekokotolewa kwa kumbukumbu za zamani. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo anayesanifu leo bomba la kudumu miaka 50 akitumia jedwali la mvua la babu yake anajidanganya.

Kwa mvua zinazopita kipimo hicho, mabomba hayasaidii, na hapo kazi yetu inaingia kwenye mipango miji. Tarehe 2 Julai 2011 mji wa Copenhagen ulipigwa na zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache. Mwaka uliofuata ukapitisha mpango wa kuzifanya baadhi ya barabara zibebe maji juu ya uso wake na bustani ziwe mabeseni ya muda. Zhengzhou nchini China, mji uliokuwa umewekeza kwenye dhana ya mji-sifongo, yaani mji unaonyonya maji ya mvua kwa bustani na ardhi yake, tarehe 20 Julai 2021 ulipata milimita 201.9 kwa saa moja, na watu wengi wakafa. Kuna waliohitimisha kwamba sifongo imeshindwa. Nadhani wanachanganya vipimo: bustani ya kunywesha mvua ya kila mwezi haikuahidi kuzuia mvua ya namna hiyo, na aliyewaambia wananchi kwamba itaizuia ndiye wa kulaumiwa.

Tone la Mvua:

Nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Naomba niongeze swali. Nimepata nafasi mbili za mwanzo: moja ni kwenye ofisi ya wahandisi washauri, nyingine ni kwenye idara ya mifereji ya mamlaka ya mji, ambako mshahara ni mdogo kiasi. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?

Kalvati:

Mdogo wangu, mimi nimekaa pande zote mbili, miaka sita ya ushauri na tisa ya mamlaka ya mji, kwa hiyo sina upande wa kuutetea.

Kwenye ushauri utajifunza haraka. Utapata miradi mingi, utaandika ripoti hadi kalamu yako inyooke, na utakaguliwa na watu wenye macho makali. Lakini ukishakabidhi michoro unaondoka, na ni nadra kujua kilichotokea mvua ya tatu iliponyesha. Nilipohamia mamlaka ya mji nilirithi, pamoja na mengine, njia za miguu zenye matofali ya kupitisha maji ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezipendekeza nikiwa mshauri. Kwenye ripoti yangu niliandika sentensi moja kwamba zifyonzwe vumbi mara kwa mara. Mji haukuwa na mashine ya kufyonza, haukuwa na fungu la kuinunua, na matofali yalikuwa yameziba kiasi kwamba maji yalitiririka juu yake kama juu ya zege. Sentensi ile nimeikumbuka kwa aibu zaidi ya mara moja.

Kwenye mamlaka ya mji kazi yako kubwa itakuwa kujua ulichonacho. Utashangaa: mabomba ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, chemba zilizofukiwa chini ya lami mpya, maji taka ya mtu aliyejiunganisha kwa siri kwenye mtaro wa mvua. Utatengeneza daftari la mali hizo, utapanga zipi zisafishwe kabla ya msimu wa mvua na zipi zisubiri, na utaitetea bajeti ya kuzoa mchanga mbele ya watu wanaotaka kukata utepe wa kitu kipya. Wakati wa mvua simu yako haitalala. Mtaro usipofurika hakuna atakayekupigia kukushukuru; ukifurika, jina lako litatajwa hadi redioni. Ukiwa mtu wa kuhitaji sifa, kachukue ule mshahara mkubwa.

Mimi ningeanza na mamlaka ya mji miaka miwili au mitatu, kisha nikaenda ushauri. Niliyafanya kinyume, na njia za miguu za watu zililipa gharama.

Mpimaji wa Usiku:

Naunga mkono, kwa sharti moja: uliza kabla ya kusaini kama idara hiyo inapima chochote. Ukiambiwa hakuna kipimamvua hata kimoja wanachokisimamia, jua kwamba mwaka wako wa kwanza utakuwa wa kuomba kimoja.

Mzee wa Chemba:

Kijana, kabla ya kusaini lolote, mvua ikinyesha rudi kwenye ule mtaro wenu wa mwaka wa tatu. Chukua utepe wa kupimia, saa, na chungwa au kipande cha kijiti, simama mahali salama pembeni, wala usiingie majini. Kisha uje utuambie umeona nini.

Tone la Mvua:

Wakubwa, mvua imenyesha juzi na nimekwenda.

Mchanga bado upo, sentimita 30 kamili. Maji yalipanda sentimita 22 juu yake. Nilitupa vijiti vitano, kimoja baada ya kingine, katika umbali wa mita 20, na kwa wastani kila kimoja kilitumia sekunde 20, yaani mita 1 kwa sekunde juu ya uso. Nikizidisha kwa 0.85 ili kupata kasi ya wastani ya maji yote, mtiririko unakuja lita 150 hivi kwa sekunde. Nimerudia kanuni ya Manning, ile inayokokotoa mtiririko kutokana na umbo la mtaro, mteremko na ukwaruzo wake, kwa mteremko wetu wa 0.004. Mtaro mtupu wa zege, kwa ukwaruzo wa 0.015, ungebeba lita 780 ukijaa. Ukiwa na mchanga, kipimo changu kinalingana vizuri na ukwaruzo wa 0.02, na kwa ukwaruzo huo mtaro ukijaa unabeba lita 234 tu. Nilidhani nusu ya kina ikizibwa tumepoteza nusu ya uwezo. Tumebaki na chini ya theluthi.

Nilipokuwa nikipima alikuja mzee mmoja anayeishi ng'ambo akaniuliza kama natoka mamlaka ya mji. Nikamjibu bado. Akanionyesha alama ya tope kwenye ukuta wake, nami nikaipima: sentimita 41 kutoka sakafuni, mvua ya mwaka juzi. Nimeiandika na tarehe aliyonipa.

Nina swali moja kwa Kalvati. Mchanga ule unatoka wapi? Nimepanda juu ya mtaro mita 300 na sijaona eneo la ujenzi, ila kuna barabara ya vumbi inayoingia kutoka upande wa kulia, na pale inapokutana na mtaro mchanga ni mkavu na mwembamba kuliko ule wa chini.

Kalvati:

Usihukumu kwa sampuli ya juu tu. Chukua mikono miwili ya mchanga, mmoja wa pale kwenye makutano na mmoja wa chini, uipitishe kwenye chekecheke za maabara ya chuo chenu kabla hawajakunyang'anya kitambulisho. Mchanga mwembamba huwa unapita na kwenda mbali. Unaotua kwenye mtaro ni ule mzito. Kama wa chini ni mzito na haufanani na ule wa barabara ya vumbi, tafuta kingo zilizobomoka juu zaidi ya mita 300. Halafu hiyo alama ya sentimita 41, mwulize mzee yule kama maji yalikuja kutoka mtaroni au kutoka barabarani.